Pumzi ya Siwema

Je, umewahi kukaa mahali mchana kweupe, ukamsikia mtu uliyemzika wewe mwenyewe akipumua? Si ndotoni, wala si makaburini ambako mtu hujitisha kwa mawazo yake. Hapo hapo ulipo, ubavuni pako, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Bi Stumai binti Mwinjuma alimsikia bintiye Siwema kila siku ya Mungu, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu amzike. Lakini siku ya kwanza ya kuchoma miwa alimsikia kwa watoto arobaini na tatu kwa wakati mmoja.

Alikuwa akipita nyuma ya shule ya Lumbanga, amebeba kikapu chenye ulezi na kipande cha sukari guru. Masizi yalikwisha kuanza kudondoka, yale meusi marefu kama nywele zilizonyolewa, yanayotua begani bila uzito na ukiyagusa yanageuka doa. Ng'ambo ya mtaro mkubwa mashine za kukata miwa zilikuwa zimejipanga zenyewe, hazina dereva wala utingo, zikisubiri moto umalize majani. Mashine hizo zilikuja Siwema akiwa bado msichana. Zinajua mengi, ila majani makavu zinayakataa, kwa hiyo shamba likaendelea kuchomwa vilevile kama lilivyochomwa enzi za mapanga.

Darasa la nne walikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Madirisha yalikuwa na nyavu nzito za kuchuja masizi, na ndani kulikuwa kimya, si kiti kinachokwaruza wala penseli inayodondoka. Bi Stumai akasimama. Pumzi mbili fupi za kuvuta. Kituo kidogo. Kisha moja ndefu ya kutoa. Ndivyo alivyopumua Siwema tangu utotoni, kama mtu aliyefungua kinywa aseme neno, akaghairi. Watoto wote arobaini na tatu walikuwa wameinamia karatasi zao, wakighairi pamoja.

Alisimama pale mpaka mwalimu alipogonga kengele. Waliomwona walidhani anapumzisha magoti.

Zamani, mwezi wa kuchoma miwa Lumbanga ulikuwa mwezi wa kuuguza. Kila nyumba ya kota ilikuwa na mtoto anayekaa wima kitandani, mabega juu, kifua kinalia filimbi. Ndipo walipokuja watu wa maabara ya mkoani wakawakusanya wanawake chini ya banda la mizani, wakawaeleza kwa mfano wa jembe. Moshi ukiingia kifuani, walisema, oksijeni ile ile inayotupa uhai inageuka vipande vikali visivyotulia, vinavyong'ata kila kinachovigusa. Jembe likiachwa nje hushika kutu, na mapafu nayo yana kutu yake. Njia za hewa zinavimba, zinabana, zinajaa ute. Mwili una walinzi wake wa kuifuta kutu hiyo. Wengine tunawala kwenye mapera na mchicha, wengine mwili unajitengenezea. Lakini mtoto wa pumu walinzi wake ni wachache na wanachoka mapema. Basi wao wametengeneza mdudu mwema, mdogo kuliko hamira, anayekaa kwenye utando wa mapafu akitoa walinzi mchana na usiku.

"Kumbe ni chachu," akasema mwanamke mmoja, na tangu siku hiyo ikaitwa chachu.

Siwema alikuwa wa kwanza ambaye kifua chake kiliipokea ikakaa. Na chachu hiyo ina tabia moja: hutoa walinzi wake kwa mwendo wa pumzi ya kifua kilichoilea, na mwendo huo haiusahau. Ikitolewa hapo ikapandwa kwa mtu mwingine, kifua kipya nacho hujifunza taratibu kuufuata. Watu wa maabara walilijua hilo wakaliona ni jambo dogo. Walichosisitiza ni sharti moja. Kila mwaka kabla ya moto, mtunza chachu agawe nusu kwa watoto kwa mashine ya mvuke, nusu ailishe upya. Huo ni uzao mmoja. Ukifika uzao wa saba, imwagwe yote, ichukuliwe chupa mpya kutoka maabara.

Bi Stumai ndiye aliyekuwa mtunza chachu. Aliilisha uji mwembamba wa ulezi uliochujwa mara mbili kwa kitambaa cheupe, na kwa kuwa inataka joto la mwili, aliufunga mtungi wake wa kioo tumboni kwa kanga, akaukaza kama mkaja wa mzazi. Alitembea nao, alipika nao. Na katika kota za Lumbanga hakuna mwanamke anayemwaga chachu. Chachu ya togwa, chachu ya mtindi, unabakiza kikombe cha zamani ndipo uanzishe mpya. Aliyeimaliza huenda kuomba kwa jirani akiwa ameinamisha uso, na atasimangwa mwaka mzima. Chachu ya bibi yako ndiyo yenye ladha, hiyo mpya ni maji tu.

Katika uzao wa kwanza ndipo Siwema alipofariki. Tela lisilo na dereva lilirudi nyuma kwenye moshi, halikumwona. Wa saba ulipofika, chupa mpya ikaletwa kwa gari, imefungwa vizuri na karatasi yenye muhuri. Bi Stumai akaipokea, akatia sahihi, akaimwaga kwenye shina la mgomba. Mtungi wa zamani akauacha tumboni mwake.

Sasa ulikuwa uzao wa kumi na tatu.

*

Alipofika zahanati alikuta viatu vya Mama Kidawa mlangoni, kimoja kimepinduka. Daktari Lugano alitoka akiwa na glavu mkononi. Alikuwa kijana wa Mbeya, mrefu, mwenye haya, mwaka wake wa pili Lumbanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, daktari. Mbona umekonda hivyo? Ndizi za kwenu zimekwisha?"

Lugano hakucheka. Akamshika mkono akampeleka dirishani. Ndani, mtoto Kidawa, mwenye miaka sita, alikuwa amelala chali, macho wazi, ametulia kabisa. Alikuwa akipumua vizuri. Mbili fupi, kituo, moja ndefu.

"Huyo anaumwa nini? Mbona hana hata homa," Bi Stumai akauliza.

"Ndicho kinachonitisha. Pafu la kulia lote limejaa usaha. Mtoto kama huyu alipaswa awe anaungua, anakohoa, analia. Jana alikuwa anacheza rede. Mama yake amemleta kwa sababu kucha zimekuwa za bluu." Akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine. "Bibi, nikuulize kitu. Askari wa mwili wanaua wadudu kwa vipande vilevile vikali vya oksijeni. Kutu ile ile ni silaha yao. Chachu nzuri inafuta iliyozidi, inawaachia askari yao. Chachu iliyozeeka imezoea kushiba mtungini, haina kiasi. Inafuta yote. Mwili unabaki mlango wazi, na hakuna hata mbwa wa kubweka."

Bi Stumai alikuwa akiangalia kile kiatu kilichopinduka.

"Hii tuliyonayo ni uzao wa ngapi?" Lugano akauliza. "Kama haijavuka saba, basi tatizo ni mdudu, nitamchoma sindano kali zaidi nisubiri. Kama imevuka, sindano ni kazi bure. Itabidi nimpe mvuke wa kuzima, chachu yote ife kifuani. Kwake, na kwa kila mtoto."

"Na ikizimwa?"

"Mpya inachukua siku thelathini kushika. Na moto umeshaanza. Wa pumu watabanwa. Ndiyo maana siwezi kubahatisha."

Kituo. Chumbani Kidawa alivuta mbili fupi.

"Wa sita," akasema Bi Stumai. "Chupa ililetwa kwa gari. Sahihi yangu ipo."

"Ahsante, Bibi," akasema Lugano, na sauti yake ikawa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akaenda kuandaa sindano.

*

Nyumbani alimkuta mjukuu wake Chausiku ameketi kizingitini akikuna nazi. Alikuwa na miaka kumi na minne, mguu mrefu, mkono mwepesi. Alikuwa na miaka miwili mama yake alipokufa. Alizaliwa na pumu mbaya kuliko ya mtoto yeyote wa kota, na chachu ikamtuliza kama maji yanavyotuliza vumbi. Tangu hapo hakujua filimbi ya kifua. Wala homa hakuijua, jambo ambalo Bi Stumai alikuwa akijivunia mbele ya wenzake, na sasa lilimpitia mgongoni kama mkono wa baridi.

"Bibi, umechelewa. Nimebandika kunde."

"Geuka nikusikilize."

Chausiku akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akageuza mgongo. Kila alasiri ilikuwa hivyo. Bibi hukaa kwenye kigoda, huegemeza sikio katikati ya mabega ya mjukuu, hufumba macho. Zamani alisema anasikiliza pumu. Siku hizi hasemi.

Alimsikiliza muda mrefu. Siwema alikuwa mle ndani, karibu mno, akivuta neno. Bi Stumai aliwahi kufikiri kwamba siku moja kituo kile kingepita na neno lingetoka, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekaa mlangoni pa neno hilo. Leo alisikia kitu kingine. Aliusikia utulivu. Hapakuwa na mkwaruzo, hapakuwa na ute, hapakuwa na chochote, kama nyumba ambayo watu wamehama wakaacha taa ikiwaka.

"Kidawa amelazwa," akasema.

"Nimesikia. Shuleni wanasema amechoka tu." Chausiku akageuza shingo. "Bibi, yeye akilala naye anafanya hivi? Kama mimi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi." Akavuta mbili fupi, akatulia, akatoa. "Sisi darasani tunaiita pumzi ya Bi Stumai. Wakubwa wanasema si yako. Ni ya mama."

Bi Stumai akaondoa sikio mgongoni pake. Nazi ilikuwa imekunwa nusu na masizi mawili yalikuwa yametua juu yake.

Ndipo mlango wa uani ukasukumwa akaingia Mama Kidawa, peku. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, anayejulikana kota nzima kwa kusema na watu kutoka dirishani. Leo alipiga magoti kwenye mchanga.

"Mama Siwema, nakuja kuomba."

"Inuka, mwenzangu. Unanipigia magoti kwani mimi nani?"

"Siinuki. Daktari amemchoma mara tatu, hakuna kitu. Midomo imeanza." Akajigusa midomo yake. "Nimetoroka nije kwako. Nipe chachu. Nipe ya mtungini, hiyo ya tumboni mwako yenyewe. Mwaka huu ulimpa kikombe kimoja. Mpe viwili, vitatu. Nitamvukizia kwa sufuria, daktari hatajua. Hiyo ndiyo iliyomponya akiwa mchanga. Nyie mnajua nilivyokesha na yule mtoto."

Akanyoosha viganja viwili. Vilikuwa vinanuka spiriti ya zahanati.

Bi Stumai akaweka mkono juu ya kanga, pale mtungi ulipo. Ulikuwa vuguvugu. Angeweza kusema imekwisha. Angeweza kusema subiri kesho. Maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni, laini kama uji, na aliyaona yalivyo rahisi, kwa sababu lile la kwanza alikwisha kulisema zahanati na halikumkwama.

Mama Kidawa alikuwa bado amenyoosha viganja.

"Usimpe," akasema Bi Stumai. "Hiyo ndiyo inayomuua."

"Unasemaje?"

"Si uzao wa sita. Ni wa kumi na tatu. Mpya niliimwaga mgombani miaka sita iliyopita. Nimemdanganya daktari mchana huu, huku mwanao akisikia."

Mama Kidawa hakupiga kelele. Alimwangalia tu, akiinuka polepole, mkono mmoja ukutani. "Twende ukamwambie," akasema. "Twende sasa hivi, na utembee mbele yangu nikuone."

*

Walitembea chini ya masizi, Bi Stumai mbele, Mama Kidawa nyuma, Chausiku wa mwisho na ile nazi bado mikononi. Kwenye kota watu walikuwa wamekaa barazani. Mtu mmoja akauliza kwa utani kama wanakwenda ngomani, nao wakampita.

Bi Stumai alisema mbele ya daktari, akasema yote, na mtungi akaufungua kwenye kanga akauweka mezani. Daktari Lugano alikaa akautazama. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alisema, "Nisaidieni kumkalisha," akawasha mashine ya mvuke wa kuzima.

Mvuke ule ulikuwa na harufu ya chungwa bovu. Kidawa aliuvuta kwa mwendo ule ule aliouzoea. Baada ya muda mwendo ukaanza kukosea. Vuta moja. Vuta mbili, tatu. Kituo kikaja mahali ambapo si pake. Bi Stumai alisimama mlangoni akiusikia ukichanika uzi kwa uzi, akajishika kwenye fremu asije akaingia kuizima mashine.

Kulipopambazuka, Mama Kidawa alitoka nje akiwa na kitambaa cha maji mkononi, uso umemvimba.

"Ana homa," akasema. "Thelathini na tisa na nusu. Anatukana, anataka maji, anakohoa makohozi ya kijani."

Wanawake waliokuwa barazani wakashukuru Mungu kwa homa, wakashikana mikono kwa ajili ya kikohozi. Lumbanga haikuwahi kuona furaha ya namna hiyo. Mama Kidawa akapita mbele ya Bi Stumai, akasimama.

"Mwanangu akipona nitakusalimia," akasema. "Kukusamehe ni kitu kingine, usinisubiri."

"Sitakusubiri," akasema Bi Stumai.

Siku tatu zilizofuata watoto wakapelekwa zahanati kwa mafungu, darasa kwa darasa. Waliokuwa na usaha kifuani wakapatikana watano, ambao hakuna aliyejua kuwa wanaumwa. Wenye pumu wakaanza kubanwa, na ile filimbi ya zamani ikasikika tena kwenye kota. Wamama vijana waliohamia baadaye, ambao hawakuwahi kuisikia, waliitana kuulizana ni mnyama gani. Kila mmoja alipumua kivyake. Bi Stumai alipita nyuma ya shule mara moja tu. Lilikuwa darasa la kawaida, lenye vurugu, kila pua na mwendo wake. Alisimama, akasubiri, hakuna aliyeghairi.

Akabaki Chausiku peke yake.

Daktari Lugano alimwita siku ya nne, na bibi yake akaja naye. Daktari alikuwa na picha ya mapafu mezani na hakupenda kuitazama.

"Bibi, huyu kifua chake kisafi. Hakuna mdudu," akasema. "Na pumu yake kwenye kumbukumbu ni mbaya kuliko zote. Nikimzima leo, katikati ya moshi huu, akibanwa usiku sina uhakika kama nitawahi. Nimezungumza na maabara. Wanaruhusu kwa mtu mmoja. Abaki na ya zamani, nimpime kila wiki, mpaka mvua. Au hata zaidi. Hatari ipo, lakini ipo pande zote mbili, na mimi siwezi kusema ipi kubwa."

Bi Stumai alisikia jambo moja tu katika yote hayo. Kifua kimoja. Kimoja kinamtosha. Siwema angebaki, nyumbani, kwenye kizingiti, alasiri, na safari hii kwa ruhusa, kwa karatasi yenye muhuri, bila dhambi wala siri. Alihisi machozi ya shukrani yakipanda. Chausiku alikuwa ameketi kando yake mikono mapajani, akipumua kama mama yake.

"Abaki nayo," Bi Stumai akasema. "Daktari, abaki nayo. Ni kwa usalama wa mtoto."

Lugano akachukua kalamu. Halafu hakuandika. "Amefika miaka kumi na minne, Bibi. Sheria inataka ajibu mwenyewe."

"Huyu ni mtoto. Anajua nini?"

Lakini aliposema hivyo aligeuka, akamwona mjukuu wake kwa uso. Miaka mingi alikuwa akimjua kwa mgongo. Aliuona uso mpana, wa baba yake ule, una kovu dogo juu ya nyusi ambalo Bi Stumai hakukumbuka lilitoka wapi. Mtoto alikuwa akimtazama si kwa hasira, bali kwa subira, kama mtu aliyesimama foleni siku nzima na sasa yuko wa pili.

Bi Stumai alitafuta neno la kumzuia. Lilikuwepo. Alijua kwamba akilisema Chausiku atamtii, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu na alimpenda bibi yake.

"Muulize," akamwambia daktari. "Muulize mwenyewe. Mimi nimenyamaza."

"Chausiku," Lugano akasema, "umesikia nilivyoeleza? Unaweza kubanwa vibaya. Sitakuficha."

"Nimesikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akamgeukia bibi yake, akamshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. "Mama simkumbuki, Bibi. Nilikuwa naogopa kukwambia. Ukiweka sikio mgongoni kwangu, najikaza nisicheke, nisikohoe, nisikuharibie. Tangu nikiwa darasa la kwanza najikaza."

Bi Stumai hakusema kitu. Alikuwa ameahidi.

"Basi unataka nini, mdogo wangu?" daktari akauliza.

"Nataka nipumue mimi," akasema Chausiku. "Hata kama ni vibaya. Nataka iwe mimi."